Ukimya Uliohesabiwa Kuwa Ndiyo

Wanangu mnaoanza kazi ya macho, anzeni na maji. Watu hudhani adui wa jicho ni vumbi, au kucha ndefu, au kijicho cha jirani. Mimi niliyefanya kazi kwenye duka la miwani hapa Tooting, kusini mwa London, mpaka magoti yakakataa, nawaambia mteja wa lenzi za machoni adui yake ni maji ya bomba. Akinawa mikono kisha akaziendea lenzi zake na vidole vimelowa, mzuieni. Mpeni karatasi akaushe kwanza. Atawaona wasumbufu. Mwacheni awaone hivyo, atakwenda nyumbani na macho yake.

Hilo nilifundishwa na Bwana Ramesh. Yeye ndiye alikuwa mpima macho na mwenye duka, Mhindi mzaliwa wa Mwanza aliyekaa Kenton, upande wa kaskazini, na kuvuka jiji zima kwa treni kila asubuhi kuja kufungua. Tulielewana siku ya kwanza kwa sababu aliniuliza kwa Kiswahili, "Chai unakunywa ya maziwa au ya rangi?" na hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo tangu nishuke ndege. Mimi sikuwa mpima macho. Nilikuwa yule anayekipokea cheti cha macho, ile karatasi yenye vipimo, baada ya mtu kupimwa, akamchagulia fremu, akapima umbali wa mboni kwa rula, akamfundisha kuvaa na kuvua lenzi. Enzi zile fremu za plastiki tulizilainisha kwenye sufuria ya shanga ndogo za kioo zilizopashwa moto ili ziukubali uso wa mtu. Wiki yangu ya kwanza niliisahau fremu mle ndani nikipiga soga, ikajikunja kama kambale kikaangoni. Bwana Ramesh aliitoa kwa koleo, akaitazama pande zote, akaniuliza, "Helena, umeshapika. Sasa nani atakula?"

Jambo la pili alilonifundisha ni cheti. Hapa Uingereza ukimaliza kumpima mtu macho, sheria inataka umpe cheti chake hapohapo, anunue kwako au asinunue. Siku moja alikuja mama mmoja Mkenya kutoka Thamesmead, mashariki mwa jiji, mfanyakazi wa usafi, ameshika miwani iliyovunjika katikati. Duka alikopimwa walikuwa wamemwambia cheti kiko kwenye kompyuta, na akitaka miwani arudi kwao. Alikuja kwetu kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba msamaha. Bwana Ramesh aliwapigia simu wale wa duka lile mbele yake, akawakumbusha sheria, na kabla mama hajamaliza chai yake cheti kilikuwa kimefika. "Macho ni yako," alimwambia, "na kilichoandikwa juu ya macho yako ni chako." Mimi tangu siku ile sikuwahi kuona sababu ya kubishana na sheria hiyo.

Aliyebishana na sheria kama hiyo, ya kule Marekani, ni mdogo wangu wa tumbo moja, Godlisten, ambaye nyumbani Marangu tulimwita Godi.

Godi alisoma Marekani, akawa daktari wa kupima macho, akafungua kliniki yake katika mji mdogo ambao mimi niliufahamu kwa picha tu. Simu zetu za Jumapili zilianza na habari za wazee na kuishia kwenye kazi. Kwa kuwa sote tulikuwa watu wa macho, tuligombana kwa raha, kama mafundi wawili wa nguo.

"Dada," alikuwa akisema, "leseni yangu nimepewa na jimbo. Washington haikunipa leseni. Inapataje ujasiri wa kuniambia nitoe karatasi gani, saa ngapi, na mgonjwa asaini wapi?"

Mwelewe kwanza mambo ya kule, maana si kama ya hapa. Hapa Bunge likisema limesema. Marekani wana Katiba iliyoandikwa, nayo imegawa madaraka: majimbo yana yake, na serikali ya shirikisho iliyoko Washington ina yake. Utabibu na leseni za madaktari tangu zamani ni mambo ya majimbo. Biashara inayovuka mpaka wa jimbo kwenda jimbo jingine ni ya Washington. Sasa cheti cha macho ni kitu gani, utabibu au biashara? Hapo ndipo Godi alipopiga kambi.

Kilichomkera zaidi kilikuwa kanuni ya lenzi. Kule, muuzaji wa mbali akipata oda ya lenzi bila kuoneshwa cheti, humpelekea ujumbe daktari aliyempima mteja: je, vipimo hivi ni sahihi, cheti hakijaisha muda? Daktari asipojibu kwa muda wa kama siku moja ya kazi, kanuni inahesabu kwamba amekubali. Lenzi zinatumwa.

"Yaani nikiugua homa, nimesema ndiyo," Godi alilalamika. "Simu ikikatika, nimesema ndiyo. Katiba inaikataza serikali kumwekea mtu maneno mdomoni, Dada. Hawa wameniwekea hata nikiwa nimefumba mdomo."

Nami nilimjibu kwamba kanuni ile isingetungwa kama wenzake wasingekuwa wanawafungia wagonjwa vyeti na kukataa kuwajibu wauzaji. Nilimsimulia yule mama wa Thamesmead. Aliniambia mimi ni Mwingereza sasa. Nikamwambia yeye ni Mmarekani tangu zamani. Tukacheka, tukaagana. Hapa kwetu muuzaji asipopata uthibitisho haruhusiwi kuuza, lakini nisijitape: sheria yetu inaishia baharini. Nimewaona vijana wa hapa Tooting wakiagiza lenzi kutoka nchi ambazo hakuna anayewauliza chochote, na zinafika kwa posta zimefungwa vizuri kama zawadi.

Godi alikuwa na binti mmoja, Sifa. Mtoto alizaliwa na macho yasiyoona mbali, miwani yake ilikuwa minene kama kitako cha chupa, na shuleni walimsema. Alipofika sekondari baba yake alimpa lenzi, na kwa mara ya kwanza, mama yake alinisimulia, alitembea kichwa juu. Tatizo ni kwamba hakutaka kuzivua. Alilala nazo. Alioga nazo. Alipokuwa mwaka wa kwanza chuoni, katika jimbo jingine, alirudi likizo na jicho jekundu. Godi alilitibu likapona, kisha akazitupa lenzi zote na kumwambia hatamwandikia cheti kingine mpaka aoneshe kwamba anaweza kuzitunza. Cheti cha zamani kilikwisha muda. Sifa akarudi kwenye miwani minene.

Ndipo mwanangu wa kiume akaoa. Sherehe ilikuwa ukumbini karibu na kwake, Thamesmead, na Godi alikuja na mkewe. Sifa alisema ana mitihani. Godi alifunga kliniki, akawapa wafanyakazi wake mapumziko, akaweka mashine ya kupokea simu. Namkumbuka alivyocheza siku ile, koti begani, jasho likimtiririka, akimshika Bwana Ramesh mkono na kumlazimisha naye acheze. Walikaa nasi mpaka wali wa sherehe ukaisha kwenye friji.

Aliporudi kazini, mhudumu wake alianza kumfungulia ujumbe uliorekodiwa. Ulikuwa mwingi. Katikati yake kulikuwa na sauti ya mashine ya muuzaji wa lenzi ikisoma majina ya wateja, tarehe za kuzaliwa na vipimo vya lenzi, haraka haraka kama mnadani. Godi alikuwa anavua koti. Akasikia jina la mtoto wake.

Alimpigia muuzaji palepale. Walimwambia kwa adabu kwamba ombi lilitumwa siku za kazi, muda ulipita bila jibu, na lenzi zimekwisha tumwa. Aliwaambia cheti kile kimekwisha muda. Walimwambia angewajibu hivyo kwa wakati wangezuia. Alimpigia Sifa, hakupokea. Baadaye Sifa alimwandikia kwamba asiwe na wasiwasi, hatazivaa.

Alizivaa.

Sitawaeleza yote, lakini yapo ambayo mnapaswa kuyajua kwa ajili ya kazi. Katika maji kuna mdudu mdogo asiyeonekana, na akiingia kati ya lenzi na jicho hutafuta mchubuko mdogo kabisa, akajichimbia kwenye kile kioo cha mbele cha jicho. Mwanzoni hufanana na ugonjwa wa kawaida wa macho mekundu. Mgonjwa hupewa dawa isiyomfaa. Dalili ya kuishika ni maumivu: yanakuwa makubwa kuliko wekundu unaouona. Mteja wa lenzi akiwaambia jicho linauma hata kwenye giza, msimwekee miadi ya wiki ijayo. Mpelekeni hospitali ya macho siku hiyohiyo, mkimshika mkono ikibidi.

Kwa Sifa walichelewa. Walijaribu dawa, kila saa, mchana na usiku. Walimpandikiza kioo cha jicho la marehemu, nacho kikashambuliwa. Siku Godi aliponipigia nilikuwa dukani namrekebishia mzee mmoja pua ya miwani. Hakunisalimu.

"Wameliondoa, Dada."

Nilimwomba yule mzee aniwie radhi, nikaingia stoo nikakaa juu ya boksi la fremu. Tulisikilizana tukipumua.

Baada ya hapo Godi akawa mtu wa kesi. Alitafuta wakili, wakaishtaki serikali ya shirikisho. Wakili alitaka kila kitu: kwamba Washington haina mamlaka ya kuingia chumba cha daktari mwenye leseni ya jimbo, kwamba kumlazimisha daktari kukabidhi cheti asichoombwa ni kumlazimisha kusema, na kwamba kuuhesabu ukimya wake kuwa ndiyo ni kumtungia kauli. Simu za Jumapili zikawa za Katiba tupu. Nikimuuliza Sifa anaendeleaje, alinijibu kwamba jaji ameweka tarehe.

Nikaanza kumwogopea. Nilimwambia, "Mdogo wangu, kanuni ile ni mbaya, hapo nakubali. Lakini ubaya wa sheria na kuvunja Katiba si kitu kimoja. Na lile la kukabidhi cheti, mbona unalichoma pamoja?"

"Kwa sababu Washington imeyaingiza kwa mlango uleule," alisema.

Wakati huo Sifa alikuwa ameacha masomo. Aliniandikia mwenyewe akiuliza kama anaweza kuja kukaa nami. Mimi nilikuwa nimestaafu karibuni. Nikamwambia njoo.

Nilimpokea uwanja wa ndege. Jicho la bandia walilomtengenezea kule lilikuwa la fundi hodari, usingelijua ila akigeuka ghafla. Alinikumbatia akasema, "Hi, Shangazi," na hayo ndiyo yalikuwa maongezi yetu ya siku tatu za kwanza. Sifa anasikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, hivyo maneno yake nawaandikia kwa lugha yetu.

Nilimsaidia kwa nilichokijua. Nilimwonesha namna ya kulitoa lile jicho juu ya taulo nene ili likidondoka lisikwaruzike, kulisafisha kwa sabuni isiyo na manukato, na kulifuta akielekea puani asije akaligeuza. Akanionesha anavyogonga mabega kwenye fremu za milango upande ule. Tulifanya mazoezi ya kumimina chai bila kumwaga, chupa ikigusa ukingo wa kikombe kwanza. Asubuhi moja alimimina mpaka juu, akacheka. Hakuwahi kumtaja baba yake, nami sikumlazimisha.

Kisha kesi ikaisha. Jaji aliitupa. Godi alinisomea hukumu kwenye simu kwa sauti kavu. Lenzi zinazovuka mipaka ya majimbo ni biashara, na Katiba imeipa Washington biashara hiyo. Kukabidhi cheti ni kumpa mteja taarifa zake, si kumlazimisha daktari atoe maoni. Na ukimya wa daktari si kauli yake, ni mwisho wa muda tu. Hakuna aliyemfunga mdomo. Alikuwa huru kujibu.

"Alikuwa huru kujibu," Godi alirudia. "Hivyo ndivyo walivyoandika. Nakuja London."

Alifika amekonda, shingo ikicheza kwenye kola. Nilipika ndizi na nyama, chakula cha kwetu, nikidhani kitatulainisha. Tulikaa mezani jikoni, watu watatu, na hata sahani haijafika nusu akafungua begi akatoa faili.

"Tutakata rufaa," alimwambia Sifa. "Wakili anasema hoja ya ukimya bado ina nguvu. Siku ile sikusema ndiyo. Nitawalazimisha wakubali kwamba sikusema ndiyo."

Sifa aliweka uma chini. "Najua hukusema ndiyo, Baba."

"Basi unaelewa kwa nini—"

"Nilingoja upande ndege."

Godi alimtazama kama hajasikia.

"Sikuwa na mitihani," Sifa alisema. "Kanuni ile nimeijua tangu nikiwa mdogo, kila siku uliilalamikia mezani. Nilijua ukiwepo utakataa. Nikajua ukiwa harusini hutajibu. Nikaagiza siku uliyoondoka."

Sikujua nimtazame nani.

"Ungeniambia," Godi alisema hatimaye.

"Uliniambia nithibitishe kwamba naweza kuzitunza. Sikuweza. Ningekwambia nini? Ulipokuja hospitali ulikaa pembeni ya kitanda ukiongea na wakili. Nilitaka kukwambia pale. Nilingoja ukate simu."

Godi alirudisha faili begini taratibu, karatasi moja ikakunjika akainyoosha kwa kiganja. Aliinuka akaenda kusimama uani kwenye baridi bila koti. Sifa alikusanya sahani, akaosha, akakausha kila moja. Nilipotaka kumsaidia alisema, "Niachie, Shangazi." Nikamwachia.

Kesho yake tulikuwa na miadi kwa Bwana Ramesh. Mtu aliyebaki na jicho moja, wanangu, msimwache na miwani ya kioo chepesi, hata awe anaona vizuri namna gani. Mwekeeni lenzi ngumu zisizopasuka, maana lile moja halina mwenzake. Nilitaka Sifa apimwe upya na kutengenezewa miwani ya namna hiyo. Godi alikuja nasi. Tulipoingia dukani, Bwana Ramesh alimshika mkono kwa mikono yake miwili, naye Godi bila hata salamu akasema, "Naomba nimpime mimi."

Bwana Ramesh hakuuachia mkono wake. "Godi, kijana wangu, hapa huna leseni."

"Ni mwanangu."

"Najua ni mwanao. Sheria ya hapa haisemi mwana. Inasema aliyesajiliwa." Kisha akaongeza, "Na hata ingeruhusu, ningemwuliza yeye kwanza."

Wakamtazama Sifa. Sifa alikuwa tayari ameshika kitasa cha mlango wa chumba cha kupimia. Aliingia, Bwana Ramesh akamfuata, mlango ukafungwa.

Ndugu yangu alikaa kwenye kiti cha wateja, kile cha mwisho chini ya kioo, na mimi nikakaa kando yake. Kupitia ukuta mwembamba tulisikia sauti ya Bwana Ramesh: hii au hii, ya kwanza au ya pili. Kila mara Sifa alipojibu niliona midomo ya Godi ikitikisika. Alikuwa anageuza lenzi kichwani mwake. Alijua kipimo cha macho yale tangu mtoto akiwa na meno ya maziwa. Mara moja Sifa alikawia kujibu, Godi akajisogeza mbele ya kiti, mikono ikishika magoti. Jibu likaja. Akaegemea tena.

Walipotoka, Bwana Ramesh alimkabidhi Sifa cheti chake kama alivyomkabidhi kila mtu. Sifa alikisoma. Akanipa nimshikie wakati anavaa koti, maana mkono mmoja hupotea kwenye mkono wa koti upande asiouona.

Nilikiona. Wanangu, mtaviona vyeti vingi vya namna hii na havizoeleki. Safu ya jicho la kushoto ilikuwa na namba zake. Safu ya kulia ilikuwa na neno moja: bandia.

Godi alinyoosha mkono. "Dada, nipe nione kama la kushoto limebadilika."

Katika maisha yangu sijawahi kumnyima mdogo wangu kitu. Nilimbeba mgongoni, nilimpa nauli ya kwanza. Kile kipande kilikuwa mkononi mwangu, na mkono wake ulikuwa umekaribia kiasi kwamba ningekiachia tu kingemfikia. Lakini hakikuwa changu.

"Muulize mwenyewe," nilimwambia.

Aligeuka. "Sifa. Naomba nikione."

Sifa alimaliza kufunga vifungo mpaka cha juu. Alikichukua kile cheti mkononi mwangu, akakikunja mara mbili, akakitia kwenye mkoba.

"Hapana, Baba," alisema.

Bwana Ramesh alijifanya anapanga fremu. Mkono wa Godi ulibaki hewani kidogo, kisha akaushusha. Nilidhani atafoka, maana zamani angefoka.

"Ni haki yako," akasema, akatangulia kumfungulia mlango.